Helmeti ya vita Nairobi: kagua chuma kwanza, stori baadaye

Kama umeanza kukusanya vitu vya jeshi hapa Nairobi utagundua haraka kwamba shida kubwa si helmeti feki. Feki zipo, tena mob, lakini kitu kinachomaliza watu pesa ni helmeti ya ukweli iliyobandikwa stori ya uongo. Chuma ni ya 1941 kweli, kiwanda ni cha ukweli, lakini ile "babu alirudi nayo kutoka Burma" imeongezwa jana pale kibandani ndio bei ipande. Kwa hivyo ukishika helmeti jiulize maswali mawili na usiyachanganye. Hii kitu ni orijino? Halafu, ilipigana wapi, kama ilipigana? Hilo la kwanza unaweza kulijibu hapo hapo kwa mikono yako. La pili mara nyingi huwezi kulijibu, unachofanya ni kuonyesha kwamba stori uliyopewa haiwezekani, na hapo ndio pesa yako inapona.

Vifaa si vya kukutoa jasho. Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyokufa ni sawa. Beba ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagua noti feki, zinauzwa kila kona ya River Road. Simu yako yenye kamera ya kuzoom karibu, na kama una mizani ndogo ya jikoni iache nyumbani juu kibandani hakuna mtu atakuvumilia ukipima pima. Kitu usibebe kamwe ni msasa. Ukianza kukwangua rangi umeharibu ushahidi wote, na rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, yaani ile madini ya sumu, hutaki vumbi lake kwa mapafu.

Anza na helmeti ya Mwingereza, juu ndiyo utakutana nayo zaidi hapa kwetu. Ile bapa yenye ukingo mpana. Iliandikishwa na John Brodie mwaka wa 1915, ikatumika vita vya kwanza, halafu 1938 wakaleta Mk II (Mk ni "mark", yaani toleo) ambayo kwa macho ni ile ile tu, tofauti kubwa iko ndani. Sasa kitu ambacho wauzaji wengi hawajui: chuma yake nyingi ilikuwa ya Hadfield, imechanganywa manganizi kama asilimia 12 hivi, na chuma ya aina hiyo haivutwi na sumaku, au inavutwa kidogo sana. Kwa hivyo utaona muuzaji anakupigia sumaku kwa fahari, inaganda pap, anasema "umeona boss, chuma pure", kumbe amekuonyesha kinyume. Weka sumaku juu kabisa ya kichwa cha helmeti, si kwenye ukingo. Ikianguka, furahi kimoyomoyo na uso usionyeshe kitu. Ikiganda kabisa usiitupe, lakini sasa kagua mihuri na mashimo kwa makini zaidi, juu helmeti nyingi za ulinzi wa raia, zile za walinzi wa moto na wazima mabomu kule Uingereza, zilitengenezwa kwa chuma ya kawaida. Ni za ukweli, ni za wakati wa vita, ila hazikuwa za askari wa mstari wa mbele, na bei yake haipaswi kuwa ile ile.

Igeuze. Mhuri wa kiwanda uko chini ya ukingo, mara nyingi karibu na pale kamba ya kidevu inashikia, na umepigwa ndani ya chuma, haujachorwa. Rangi nene huuficha kwa hivyo inamisha helmeti mpaka mwanga uingie kwa upande ndio herufi zitoe kivuli. Zile za vita vya kwanza utaona kama HS na namba, hiyo ni Hadfield ya Sheffield. Za vita vya pili utaona BMB ambayo ni Briggs Motor Bodies, au RO&Co ambayo ni Rubery Owen, au JSS ya Joseph Sankey, na mwaka pembeni. Ya Kanada inaweza kuwa na CL/C. Kama mhuri una 1941 na muuzaji anakuambia ilipigana Taveta na Wajerumani, yaani vita vya kwanza, mnaweza kuachana kwa amani.

Lakini usikimbilie kinyume chake. Kofia yenye mhuri wa HS na matandiko ya ndani ya miaka ya thelathini si lazima mtu ameunganisha vipande. Jeshi lenyewe kabla ya vita vya pili lilichukua magamba ya zamani, yaani ile chuma ya nje, likayawekea matandiko mapya, wanaiita Mk I yenye nyota. Hiyo ni kazi ya serikali, si ya fundi wa Kamukunji.

Mashimo sasa, na hapa watu wanadanganyika kila siku. Ukiona kitobo kidogo kwenye ukingo, kimoja au viwili au hata vinne, safi kabisa kama vimetobolewa na drili, muuzaji atakuambia ni risasi. Si risasi. Kiwandani helmeti ambazo chuma yake haikufikia kiwango cha vita zilitobolewa hivyo ndio zisichanganywe na zile nzuri, zikapelekwa kwa raia. Tofauti ni vitobo vitatu vilivyokaa pamoja kwenye ukingo wa nyuma. Hiyo ikikutokea kaa chini upumue, juu kuna uwezekano mkubwa umeshika helmeti ya Afrika Kusini, na kwa mtu wa Kenya hiyo ndio inanoga kuliko zote. Zilitengenezwa Johannesburg na kampuni ya Transvaal Steel Pressing Syndicate, na hivyo vitobo vilikuwa vya kufungia kitambaa cha kufunika shingo na jua. Ndani matandiko mengi yana jina la Jager Rand na mwaka. Kwa nini inanoga? Wanajeshi wa Afrika Kusini walipita Kenya 1940 kwenda kupigana na Waitaliano, wakapiga El Wak mwezi wa Desemba mwaka huo, wakaendelea na wenzao wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) na wa Afrika Magharibi mpaka Addis Ababa ikaanguka Aprili 1941. Kwa hivyo helmeti ya aina hiyo ikitokea Garissa au Nanyuki au kwa stoo ya shamba la zamani, stori yake angalau ina barabara ya kupitia. Haijathibitisha kitu bado, ila inawezekana. Lakini angalia mwaka! Yenye mhuri wa 1943 haikuwa El Wak.

Matandiko ya ndani ndio yanasema ukweli kuliko gamba. Mk II ina kitambaa cha mafuta kilichozunguka, na juu kuna pedi ya mpira yenye umbo la msalaba, yote imeshikwa na skrubu moja tu katikati ya kichwa. Mpira wa miaka themanini umekauka, umepasuka pasuka, saa zingine umegeuka kitu kama lami. Mpira laini wenye kunukia duka ni mpira wa juzi. Kichwa cha skrubu kiwe cha mfereji mmoja, ukiona kile cha nyota uliza kimetoka wapi. Namba ya saizi na ya mwaka kwenye matandiko ilinganishe na ya gamba, zikipishana mwaka mmoja ni kawaida, zikipishana kumi mtu ameoa vipande viwili. Halafu harufu. Ngozi ya zamani inanuka jasho lililokauka na vumbi la dari, sijui niieleze vipi ila ukiinusa mara moja huisahau. Ngozi iliyozeeshwa kwa chai na kiwi inanuka chai na kiwi.

Washa ile tochi ya noti sasa, lakini ndani ya kivuli. Nyuzi za kisasa za polista na baadhi ya rangi nyeupe za kisasa zinawaka buluu. Pamba ya zamani haiwaki hivyo. Ila usimhukumu mtu kwa hilo peke yake, juu sabuni za unga za leo zina kemikali ya kung'arisha inayowaka vile vile, na mama akiamua kuisafisha helmeti ya baba yake na sabuni ya nguo mwaka jana, kamba itawaka na bado ni orijino. Uliza kwanza kama imeoshwa. Kinachoniamsha mimi ni uzi wa kushonea kuwaka huku kitambaa kinachozunguka hakiwaki.

Tuje kwa stori yenyewe. Ile inayouzwa sana ni ya vita vya kwanza, helmeti ya chuma ya Mjerumani "ya jeshi la Lettow, imechimbwa huko Salaita". Lettow ni yule kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, na Salaita ni uwanja wa vita kule Taita. Sikia. Mjerumani alianza kugawa helmeti zake za chuma 1916, huko Ulaya, kwenye mahandaki. Wakati huo koloni lake la Afrika Mashariki lilikuwa limezingirwa baharini na Waingereza tangu 1915, meli zilizopenya zinahesabika, na Lettow alimaliza vita Novemba 1918 kule Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) bila huo mzigo kumfikia. Askari wake walivaa kofia kama tarbushi yenye kifuniko cha kaki, Wazungu wake wakavaa kofia za jua. Upande wa Mwingereza hapa kwetu ni hivyo hivyo, KAR hawakupigana Taita na kofia za chuma kichwani. Hauhitaji hata kitabu, panda matatu ushuke tauni utembee mpaka Kenyatta Avenue, zile sanamu tatu za shaba za 1928 za askari na wabeba mizigo, watazame vichwani. Hakuna chuma hata moja. Kwa hivyo helmeti ya chuma ya Mjerumani inayotajwa Salaita, Maktau au Mbuyuni, hata kama chuma ni orijino kabisa, ilikuja Kenya na ndege ndani ya sanduku la mtu miaka mingi baadaye. Inunue kama helmeti ya Ulaya kwa bei ya helmeti ya Ulaya ukipenda, hiyo sehemu ya Salaita usiilipie hata bob.

Kitu kinachoweza kutoka vita hivyo hapa ni kofia ya jua, ile ya Wolseley. Za ukweli ni za koki ndani, imevikwa kitambaa cha kaki, zina utepe wa ngozi na mara nyingi lebo ya duka. Koki ni nyepesi na dudu wanapenda gundi yake, ukiona vitundu vidogo vya kuliwa usikasirike. Zile nzito nzito za karatasi iliyoshindiliwa ni za watalii.

Vita vya pili stori zinawezekana zaidi na ndio maana ni ngumu kuzikataa. Waitaliano waliteka Moyale Julai 1940, na helmeti yao ya modeli 33 ikionekana kaskazini si ajabu. Utaijua kwa vitundu vya hewa vitatu, viwili pembeni kimoja nyuma, ambavyo ndivyo pia vinashika matandiko ya ngozi, na saa zingine mbele kuna nembo ya kikosi iliyopakwa kwa rangi nyeusi. Ila kumbuka askari wa Eritrea na Somalia waliopigana upande wa Italia wengi walivaa tarbushi na vilemba, na Waitaliano wenyewe walipenda kofia ya jua. Sasa mtu akikuambia yake ilikuwa ya mateka aliyejenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu, mwulize tu taratibu: mateka wa vita anaachiwaje vifaa vyake vya vita?

Burma nayo. Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki kilishuka bonde la Kabaw 1944 na kuvuka mto Chindwin mwisho wa mwaka huo, hiyo ni historia na kuna familia nyingi Kenya zenye babu aliyekuwa huko. Lakini picha nyingi za askari wetu kule zinawaonyesha na zile kofia za kitambaa zenye ukingo mpana uliokunjwa, na askari akiachishwa kazi vifaa vilikuwa vya serikali, vilirudishwa. Helmeti ilibaki kwa boma kwa njia zingine: iliokotwa kambini, ilinunuliwa kwa mnada wa vitu chakavu, mzungu alihama akaacha stoo. Nimeona Mk II safi inanyweshea kuku Nyeri na kuku hawakuwa na stori yoyote, na hiyo ndio naiamini. Ile yenye umbo la kobe, Mk III, ilionekana vitani mara ya kwanza Normandy Juni 1944, na Mk IV ni ya 1945 kuendelea, kwa hivyo hiyo ya mwisho usikubali iitwe ya Kabaw. Na ile ya "helmeti ya Mau Mau", jamani. Wapiganaji wa msituni hawakuwa na kofia za chuma na wanajeshi wa Uingereza baada ya Oktoba 1952 walikuwa na bereti na kofia za msituni kwenye doria. Achana nayo.

Za Mjerumani za vita vya pili ndio zenye feki nyingi zaidi duniani, juu ndio zenye pesa. M35 ina kitundu cha hewa chenye pete iliyopachikwa peke yake, M40 kitundu kimebonyezwa kwenye chuma ile ile, M42 ukingo haujakunjwa, umeachwa wazi. Herufi za kiwanda na saizi ziko ndani pembeni, kama ET64 au Q66 au NS64, na namba ya chuma nyuma. Matandiko ya ngozi yanashikwa na pini tatu. Sasa nembo ya pembeni, hapo ndio uwanja wa matapeli: zoom na simu ufuate mkwaruzo wowote unaofika kwenye nembo. Mkwaruzo wa zamani unaikata nembo na rangi kwa pamoja. Nembo ikishuka ndani ya mkwaruzo, au ikipanda juu ya kutu, imebandikwa baadaye, kwisha maneno. Na ile bendera ya rangi tatu ya upande wa pili iliamriwa iondolewe 1940, kwa hivyo bendera hiyo ikiwa inang'aa kwenye M42 ni kichekesho. Nusu ya zile helmeti za bodaboda za umbo hilo zina heshima zaidi, angalau zinakulinda.

Ya Mmarekani, ile M1, nayo ya vita vya pili imetengenezwa kwa chuma ya manganizi kwa hivyo sumaku haishiki vizuri, na zile kopi za Ulaya za baada ya vita nyingi zinashika. Angalia mshono wa ukingo: mbele ni ya mapema, nyuma ni ya mwisho wa 1944 kuendelea. Ndani mbele kuna namba ya fungu la chuma iliyoyeyushwa pamoja, wanaiita "heat number". Zile za buluu zilizoandikwa UN kwa brashi ya nyumba siziongelei.

Kuzeesha kumekuwa biashara. Chumvi, asidi ya betri, kuzika kwa matope miezi kadhaa. Kutu ya ukweli haina haki: inakula zaidi pale maji yalitulia, chini ya kamba, kwenye mkunjo wa ukingo, na imeingia ndani kwa vishimo. Kutu ya asidi imesambaa sawasawa na inabaki kwenye kidole kama poda ya chungwa. Rangi nayo huisha mahali helmeti inawekwa chini, yaani kichwani juu na kwenye ukingo, siyo katikati kwenye mteremko ambapo hakuna kitu kinagusa. Tundu la risasi ligeuze uangalie upande wa ndani, chuma imechomoza kwa meno, na kutu ya kwenye meno iwe na umri sawa na kutu ya jirani yake. Chuma inayong'aa kwenye kingo za tundu ni ya wiki iliyopita.

Ukipata jina au namba ya askari kwenye kamba au matandiko, piga picha kabla ya kugusa. Wino wa zamani umezama kwenye nyuzi na umefifia kahawia, wa juzi umekaa juu. Kama stori inasema mwenyewe alifia vitani, ile tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni, unatafuta jina, namba na kikosi, na wengine wamelala pale Nairobi War Cemetery Ngong Road. Ila kama jina halipo usimwite mtu mwongo hapo hapo. Tume yenyewe ilikubali kwenye ripoti ya 2021 kwamba Waafrika wengi sana, hasa wabeba mizigo wa vita vya kwanza, hawakuandikwa majina. Kwa familia yenye makaratasi ya babu, nakala ya kitabu chake cha kuachishwa kazi ina thamani kuliko helmeti tano, na Kenya National Archives pale Moi Avenue wanaweza kukusaidia kusoma mazingira ya wakati huo.

Ukienda kwa familia usiingie na sumaku mkononi. Salimia mzee, keti, kunywa chai, halafu uliza maswali ya wazi: "Mzee, hii kofia uliiona mara ya kwanza lini hapa nyumbani? Nani aliiweka hapo darini?" Usimwulize "babu alipigana Burma, sio?" Umeshampa jibu, na kwa heshima atakuitikia ndio. Kwa muuzaji wa Gikomba au Ngara fanya kinyume, nyamaza. Mwache aongee mpaka stori igongane na mhuri. Nilimsikia mmoja akisema yake ni ya 1914, nikamwonyesha 1942 chini ya ukingo, akasema bila kupepesa, "hiyo ni namba ya simu ya kiwanda, kastoma." Nilicheka nikainunua, kwa bei ya 1942.

Mambo mawili ya sheria. Helmeti ya kisasa ya KDF au polisi, hata kama inauzwa wazi na ni bei poa, usishike, hiyo ni mali ya serikali na utaeleza mbele ya OCS si mbele yangu. Na usiende kuchimba kwenye viwanja vya vita vya Taita na jembe, mbali na sheria ya turathi ya 2006, kule chini bado kunaweza kuwa na mabomu ambayo hayajalipuka. Usitume diposti ya M-Pesa kwa picha peke yake, mwambie akutumie picha ya mhuri na ya matandiko na kipande cha gazeti la leo pembeni, akikataa umepata jibu bure.

Ukishainunua, ifute na kitambaa kikavu, usiioshe, usiipake mafuta ya kupikia kama nilivyoona mtu akifanya. Andika kwenye karatasi nani alikuuzia, wapi, tarehe, na alisema nini neno kwa neno, hata ile ya namba ya simu, halafu ikunje uiweke ndani ya helmeti. Mahali unapokisia andika kwamba unakisia.